Maswali yenu kwa fundi: Adapta ya 6SN7 kwenye soketi ya ECC82

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Tanga, nina amplifaya ya valvu ya Kichina, mbele ina valvu ndogo za ECC82 mbili, nyuma zile kubwa za kutoa nguvu, EL34 nne. Sauti iko poa ila watu wanaisifia sana valvu ya 6SN7 nikaamua kuagiza valvu mbili na adapta zake. Sasa jamaa mmoja ananambia chomeka tu, mwingine anasema trafo itaungua. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu, adapta inahamisha waya tu, inachukua umeme wa mguu huu inaupeleka mguu ule basi, haipunguzi volti wala haiongezi nguvu ya trafo. Kwenye sauti huna shida, hizi valvu zinakaribiana sana, zote ni trayodi mbili, yaani vikuzaji viwili, ndani ya kioo kimoja, 6SN7 inakuza mara 20 hivi na ECC82 kati ya 17 na 20, kwahiyo rizista zilizomo ndani ziache kama zilivyo.

Pa kuangalia ni hita, ule waya wa ndani unaopasha valvu moto. ECC82 ikiwashwa kwa volti 6.3 inakula ampea 0.3, 6SN7 inakula 0.6, yaani mara mbili. Tupige hesabu ya kwako: EL34 moja ni ampea 1.5, nne ni 6, ongeza ECC82 mbili unapata 6.6. Ukiweka 6SN7 inakuwa 7.2. Ongezeko sio kubwa na trafo iliyotengenezwa vizuri inalibeba, ila kama trafo yako hata sasa hivi inachemka mpaka huwezi kuishika basi usiiongezee mzigo. Yule anayesema itaungua hajakosea kabisa, maana kuna amplifaya zina valvu ndogo nne au sita na hapo hesabu inakuwa nyingine.

Sasa kuna hatari kubwa kuliko hiyo na wauza adapta wengi hawaisemi. Hita ya ECC82 ina ncha mbili, mguu wa 4 na wa 5, halafu katikati yake inatoka mguu wa 9. Kiwanda kinaweza kuunga 4 na 5 pamoja kikapeleka volti 6.3 kati ya hapo na 9, au kikapeleka volti 12.6 kati ya 4 na 5 kikaacha 9 tupu. Adapta ya 6SN7 kawaida inaunga 4 na 5 ndani yake. Ukiichomeka kwenye amplifaya iliyofungwa kwa volti 12.6 umepiga shoti laini yote ya hita, hapo kama hakuna fyuzi trafo inakwenda. Amplifaya ya hivyo inataka 12SN7, ndugu ya 6SN7 yenye hita ya volti 12.6, na adapta yake maalumu, na bado ujue inakula ampea 0.3 wakati ECC82 kwa volti hizo inakula 0.15.

Kujua yako imefungwaje, chomoa waya wa ukutani kabisa, subiri, halafu fungua chini. Tafadhali sana usiingize mkono hapohapo, kapasita za EL34 zinashika volti 400 au zaidi hata mashine ikiwa imezimwa, zimwage kwa rizista ya kilo-om 10 ya wati 5 yenye klipu zilizofunikwa plastiki, kisha hakikisha kwa mita. Ukiitazama soketi kwa chini, tafuta pengo, miguu inahesabiwa kutoka hapo kufuata mshale wa saa. Ukiona kipande cha waya kimeunganisha wa 4 na wa 5, uko salama.

Ukichomeka, shika soketi kwa chini usukume adapta wima, usiitikise huku na huku, vibano vya soketi ya miguu 9 vinalegea haraka na baadae unasikia mikwaruzo unadhani valvu imekufa. Angalia pia urefu, 6SN7 juu ya adapta inaweza kugusa kifuniko cha chuma. Mwisho pima volti za hita valvu zote zikiwa ndani na zimeshapata moto, kati ya 6 na 6.6 ni safi kabisa. Amplifaya nyingi za Kichina zimeandikwa volti 220 na umeme wetu ni 230, kwahiyo usishangae ukikuta imezidi kidogo, ila ikifika 6.9 usiiache hivyo, mpelekee fundi.

SWALI: Mimi niko Nakuru, valvu ya E88CC inaingia vizuri kabisa kwenye soketi ya ECC82, naweza tumia bila adapta?

JIBU: Hapana dada. Kwenye soketi ya volti 6.3, miguu ya 4 na 5 imeungwa pamoja, na hita ya E88CC iko kati ya hiyo miwili, kwahiyo haitawaka kabisa. Kwenye ile ya 12.6 itapata volti mara mbili na itaungua. Adapta inatatua hilo la hita tu. Ukuzaji wa E88CC ni mara 33, na volti za anodi, lile bamba la ndani linalopewa umeme mkubwa, pia ni kikwazo, mdogo wake ECC88 mwisho ni 130 tu wakati kwenye amplifaya ya ECC82 unaweza kukuta 250. Kaa na ECC82, kama unataka ladha tofauti tafuta 5814A, valvu ya jamii ileile ya ECC82, hiyo inaingia moja kwa moja, ila hita yake inakula ampea 0.35 badala ya 0.3.