Shoga yangu, mfuko wa uzazi hauna kosa

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji wa Makorora, hapa hapa Tanga. Ana miaka 42, kafanya IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili, mara mbili kwa mayai yake, mara zote mbili damu ikatoka. AMH yake, kipimo cha damu kinachokadiria akiba ya mayai, ni 0.3, ndogo sana. Sasa daktari kamtajia mayai ya kuchangiwa, yaani ya mwanamke mwingine, naye ananiuliza, "Dada, mtoto huyo atakuwa wangu kweli?" Nilikuwa jikoni. Maharage yaliungua.

Mimi nilianza kutafuta mtoto nina miaka 33, nikampata nina 43. Hapo katikati nimekunywa mizizi ya Handeni, nimekandwa tumbo Pangani, nimeombewa mpaka nikaanguka. Siielezi miaka hiyo. Mwenye shida hii anaijua.

Kituo kimoja cha Dar, sikitaji, kilinifanyia mara tatu kwa mayai yangu. Mara ya tatu yalivunwa mayai 2, likarutubika 1, siku ya tatu likaacha kugawanyika. Nilipigiwa simu nikiwa ndani ya basi, tumefika Segera, abiria wanapigania machungwa dirishani. Nikaitikia, "Sawa, ahsante." Jirani yangu akanipa chungwa nimshikie.

Kinachoniuma si kiwanja cha Pongwe tulichouza. Kinachoniuma ni kwamba majibu ya AMH yalikuwa kwenye faili langu tangu mwanzo, na hakuna aliyenikalisha chini. Hela yangu walikuwa wanaiona, mayai yangu hawayaoni.

Aliyenikalisha ni nesi wa kituo kingine, dakika kumi tu. Mwanamke huzaliwa na mayai kama milioni 1 hadi 2 na haongezewi hata moja. Yanapungua, na yanayobaki yanazeeka pamoja naye, hitilafu za kromosomu zinazidi. Mfuko wa uzazi hauzeeki kwa kasi hiyo. Ndiyo maana matokeo hufuata umri wa aliyetoa yai, si wa anayebeba. Marekani, ambako vituo hutoa takwimu zao, aliyepita miaka 42 akitumia mayai yake hafikishi nafasi 10 kwa 100; kwa mayai ya kuchangiwa, karibu nusu ya mara ambazo kiinitete hupandikizwa tumboni huzaa mtoto. Karibu nusu, shoga, si wote. Mimi, kwa yai la kuchangiwa, nilibahatika mara ya kwanza, na nakiri najivuna.

Mchangiaji wetu alikuwa na miaka 26. Uliza alivyopimwa: Ukimwi, homa ya ini, kaswende, na sisi watu wa pwani tusisahau selimundu. Yeye ndiye anayechomwa sindano za kukuza mayai siku kumi na kitu. Mbegu ni za mumeo. Wewe unameza homoni ya estrojeni mpaka ukuta wa mfuko unenepe, wangu ulifika milimita 9, halafu homoni ya projesteroni ya kuishikilia mimba. Yangu ilikuwa ya mafuta, sindano ya makalio. Jirani yangu mstaafu wa uuguzi alinichoma kila saa moja jioni, nimelala kifudifudi kwenye mkeka, barafu ya ubuyu ya mwanawe nimeikandamiza hapo kwanza. Mwezi wa pili sikuweza kukaa kwenye boda.

Jambo moja wanalifichaficha: mimba ya yai la kuchangiwa huongeza hatari ya kupata kifafa cha mimba. Pima presha kila kliniki, na mwambie daktari ukweli kuhusu yai. Yangu ilipanda mwezi wa nane, nikapasuliwa wiki ya 37.

Na dini, maliza kabla hujalipa senti. Mimi ni Mwanglikana wa Muheza, niliongea na mchungaji wangu nikatulia. Ila wanazuoni wengi wa Kisuni wanakataa mtu wa tatu kuingia kati ya mume na mke, na Vatikani ilikataa kwa maandishi mwaka 1987. Nimewaona wanaokumbuka kuuliza mimba ikiwa na miezi mitano. Acheni hiyo! Kaa na mumeo, ongeeni usiku, zimeni simu. Na usipoteze muda. Wanawake tunapenda kusubiri miujiza huku kalenda inakimbia, tunaona haya kwa watu ambao hata nauli ya Dar hawatuchangii. Usipoteze muda, narudia.

Sasa swali lako. Nasaba ya yai si yangu, sitakudanganya. Wifi yangu, yule aliyewahi kuniita mti mkavu mbele ya wageni, sasa anasema mtoto kachukua pua ya ukoo wao, na ana haki kusema. Mama yangu hajui. Wiki iliyopita alikuwa anamwogesha barazani, akashika kidole cha mguu akaita, "Njoo uone, kidole cha marehemu baba yako hiki!"

Nikaenda, nikainama, nikakiangalia. Nikasema, "Kweli, mama." Tukamkausha.