Barua kwa mwanangu: kigugumizi na maiki ya redio

Tononoka, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiza, na mama yako akausikiza. Umesema daktari wa huko Nairobi amekataa kabisa urudi uwanjani na goti hilo, na kwamba kituo kimoja cha redio hapa Mombasa kinakuita ukajaribiwe kutangaza mechi za mpira wa kikapu. Kisha ukauliza: "Baba, mtu mwenye kigugumizi atatangaza vipi?" Nimeona nikuandikie, maana kwa simu tungeishia kubishana.

Yuko aliyeweza, naye alikuwa na mitihani yako yote miwili, mguu na ulimi. Alikuwa mcheza kikapu wa Marekani, jina lake Bill Walton. Nyinyi mlimjua uzeeni, yule mrefu wa kwenye televisheni asiyenyamaza. Mimi nilimjua kwa magazeti waliyoyaacha mabaharia wa Kimarekani enzi nilipokuwa karani bandarini, na tangu hapo sijaacha kumfuatilia.

Alizaliwa 1952 kule La Mesa, California, akafika kimo cha futi 6 na inchi 11. Chuoni UCLA alifundishwa na John Wooden, kocha ambaye mazoezi ya kwanza ya msimu aliyaanza kwa kuwaonyesha wachezaji namna ya kuvaa soksi, zisije zikakunjana zikawatia malengelenge. Ushike huo mkasa wa soksi, nitaurudia. Katika fainali ya vyuo ya 1973 dhidi ya Memphis State, Walton alirusha mara 22 akafunga 21, akamaliza na pointi 44. Hebu niambie wewe uliyecheza: ni nani umemwona pale uwanja wa Makande akikosa mara moja tu usiku mzima?

Basi kijana huyo, mechi ikiisha na waandishi wakamzunguka, alikuwa akitafuta mlango. Kigugumizi chake kilikuwa kizito hata salamu zilimkwama. Mpaka umri wa miaka 28 hali ilikuwa hiyo, na kati yake alikuwa amekwisha kuchukua ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na timu ya Portland mwaka 1977, walipofungwa mechi mbili za mwanzo na Philadelphia kisha wakashinda nne mfululizo. Mwaka uliofuata akatajwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Hapo ndipo mguu ulipomtupa. Katika mechi za mtoano za 1978 alichomwa sindano ya kuua maumivu ili acheze, baadaye picha zikaonyesha mfupa wa mguu wa kushoto umevunjika. Misimu mitatu ilimpita bila kucheza hata mechi moja. Toka aingie ligi 1974 mpaka alipokaa pembeni ni misimu 13, na kila msimu una mechi 82. Yeye alicheza 468 tu, hata nusu hazifiki. Alipata ubingwa mwingine na Boston 1986, safari hii akitokea benchi, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba. Kwa hiyo nikisikia unalia kwamba goti limekukatisha, sikwambii unyamaze. Ila sindano za kukurudisha uwanjani kwa nguvu sitaki kuzisikia nyumbani mwangu.

Sasa ulimi. Akiwa na hiyo miaka 28 alikutana na Marty Glickman, mtangazaji mashuhuri wa redio wa New York. Glickman naye alikuwa mwanamichezo: mwaka 1936 alikwenda Berlin kwenye Olimpiki kama mkimbiaji, kisha yeye na mwenzake, wote Wayahudi, wakaondolewa kwenye timu ya kupokezana vijiti siku ya mbio yenyewe. Mzee huyo alimwambia Walton kwamba kusema ni ufundi unaofunzwa na kufanyiwa mazoezi kama kurusha mpira. Punguza kasi. Soma kwa sauti. Andika herufi zinazokukwamisha, uzirudie peke yake. Tafuna chingamu, taya zipate nguvu. Walton akaona hizi ni zile soksi za Wooden tu, vitu vidogo vya kuanzia, akaingia kazini kila siku.

Kuanzia 1990 akawa mtangazaji, akapitia vituo vya televisheni vya NBC na ESPN, na alikuwa akitania kwamba kujifunza kusema ndilo jambo kubwa alilofanya maishani, na kwa wasikilizaji ndiyo balaa. Wapo waliozima sauti. Mpira uko hapa, yeye anasimulia volkano na Grateful Dead, bendi ya muziki aliyoipenda. Hilo usimwige, msikilizaji wa Likoni aliyetegesha redio dukani anataka kujua matokeo, si milima. Mwaka 2008 mgongo ulimwangusha, ikawa maisha yake ni sakafuni. Akafanyiwa upasuaji, akarudi kwenye maiki, na akatangaza mpaka karibu na kifo chake, Mei 2024.

Lakini kuna jambo ambalo watu hawalitazami. Walton hakuwa yule anayefuata mpira kila pasi. Alikuwa mchambuzi, kando yake kuna mtangazaji anayekimbia na mchezo. Tofauti yake ni kubwa kwako. Timu ina sekunde 24 tu za kurusha, kwa hiyo anayefuata mpira hana nafasi ya kuvuta pumzi, na ukikwama kwenye jina la mchezaji, kikapu kimeshaingia upande wa pili. Mchambuzi huingia mpira ukiwa umesimama: faulo, mapumziko, mipira ya adhabu. Anachagua neno lake. Na wewe unacho cha kusema. Umecheza nafasi ya kuongoza mchezo miaka yote hiyo, unaona beki akikosea mguu kabla hata mpira haujatoka mkononi. Huo ujuzi hawa vijana wa redio hawana, wanataja majina tu na kupiga kelele.

Najua herufi yako ni "k", na mchezo wenyewe bahati mbaya unaitwa kikapu. Anza nayo hiyo. Soma gazeti kwa sauti asubuhi, shangazi yako atazoea. Kisha fungua mechi yoyote kwenye simu, zima sauti, ujirekodi ukichambua robo moja. Nitumie. Nitakwambia ukweli, unanijua.

Basi mpigie huyo bwana wa redio umwambie unakuja, na kiti unachoomba ni cha uchambuzi. Habari ya kigugumizi mwambie mwenyewe mapema, asije akaigundua hewani. Akikataa kwa sababu hiyo, kuna vituo vingine Pwani hii.

Mama yako anakusalimu sana. Anasema basi la usiku usipande na goti hilo, uje na treni ya mchana, na dawa uzibebe mkobani.

Ni mimi baba yako.