Vakansi ya sayansi kwa watoto wa Ruashi

SWALI

Mama Mwalimu, salamu nyingi. Ninafundisha hesabu na fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Ruashi, Lubumbashi. Katika mwaka wa tano nina binti ambaye kwa hesabu anaelekea kunipita mimi mwenyewe. Baba yake ni mchimbaji, mama yake anauza unga sokoni, na kila vakansi mtoto anashinda kwenye meza ya mama yake. Nimesikia kwamba huko Marekani vyuo vikuu vinawaita watoto wa maskini na wa jamii za wachache, wanakaa chuoni wakati wa likizo kubwa wakisoma sayansi bila kulipa. Kuna mtu mjini anasema atamwandikisha kwa dola 150, na mama ameshaanza kukusanya. Unatushauri nini?

Mwalimu wa Ruashi

JIBU

Mwalimu mwenzangu, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, mkimbilie yule mama umwambie asitoe hata franka moja. Programu hizo zipo kweli, na ni za bure kweli, ndiyo maana hakuna wakala anayeuza nafasi zake. Zaidi ya hayo, nyingi ni za watoto wanaoishi kule kule. Upward Bound, ambayo ni ya serikali ya Marekani, inapokea raia au wenye haki ya kukaa nchini humo. MITES ya MIT, chuo kikuu cha sayansi na uhandisi cha hukohuko Marekani, iliyoanza miaka ya 1970 kwa ajili ya watoto wa jamii zisizoonekana sana katika uhandisi, nayo ni ya vijana wa hukohuko. Mtu anayemwambia mama wa Ruashi kwamba dola 150 zitafungua mlango huo anamwibia akiba ya unga.

Sasa, usivunjike moyo. Tazama programu hizo zinafanyaje kazi, maana sehemu kubwa ya kinachozifanya zifaulu haihitaji viza.

Upward Bound ilitokana na sheria ya mwaka 1964, wakati Rais Lyndon Johnson alipotangaza vita dhidi ya umaskini. Angalau theluthi mbili ya watoto wanaopokelewa lazima watoke katika nyumba zenye kipato kidogo na wawe na wazazi wasio na shahada. Wakati wa likizo wanalala chuoni wiki kama sita, wanakula hapo, wanafundishwa, na wanaruhusiwa kupewa posho ndogo. Mwaka 1990 likaongezwa tawi la hesabu na sayansi. Uingereza, taasisi ya Sutton Trust ilianza na shule ya likizo pale Oxford mwaka 1997.

Hiyo posho wengi hawaitilii maanani, nami naiona kuwa ndiyo akili kubwa kuliko zote. Mtoto wa maskini hayuko bure wakati wa vakansi. Huyo binti wako akiondoka mezani, nani atapima unga mama akienda kutafuta gunia jingine? Anayemwita mtoto chuoni bila kujibu swali hilo atapata watoto wa wenye magari, kisha atasema wa Ruashi hawapendi shule.

Lakini jambo ninalotaka ulishike zaidi lilitoka Berkeley, katika Chuo Kikuu cha California. Miaka ya 1970 mwalimu wa hesabu aitwaye Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi wengi walikuwa wanaanguka katika kalkulasi, ile hesabu ya mwanzo ya chuo kikuu, huku wenzao wa asili ya Kichina wakifaulu. Walimu wenzake aliowauliza walikuwa na majibu tayari: msingi mbovu, umaskini, wazazi wasiojali, uvivu. Yeye akawafuata wanafunzi wenyewe kule wanakosomea. Akakuta wale Weusi wana bidii sana, ila kila mmoja anasoma peke yake. Wale wengine wakimaliza kusoma peke yao walikutana, wakalinganisha majibu, wakasahihishana, na kila mmoja akajua mwenzake amekwama wapi. Treisman akaunda vikundi. Hakuwapa marudio ya masomo ya chini. Aliwapa maswali magumu kuliko ya darasani, wakayapigania pamoja. Matokeo yao yakapanda sana.

Sisi hapa tukiwaita watoto wakati wa vakansi tunawapa nini? Marudio. Tunamchukua mtoto mwenye kiu, tunamnywesha maji yale yale ya mwaka uliopita. Nimefundisha kemia Katuba, hapa hapa Lubumbashi, maisha yangu yote ya kazi na nakuambia bila kusita: mtoto wa maskini hachoshwi na swali gumu, anachoshwa na kudharauliwa.

Basi anzeni na malakita, jiwe lenye shaba ndani yake. Watoto wako wanalijua jiwe hilo la kijani kuliko mwalimu yeyote wa Kinshasa. Chukueni vipande safi, visageni, pimeni gramu 10, mtie katika kopo la chuma na kuliweka juu ya mbabula (jiko la makaa) yenye moto mkali, mahali penye hewa. Unga wa kijani unageuka mweusi. Upoe, pimeni tena: zimebaki gramu 7 na kidogo. Usiwaambie kitu. Waulize: hizo karibu gramu 3 zimekwenda wapi, na ngapi kati yake zilikuwa maji, ngapi zilikuwa hewa ya kaboni? Waache watu wanne wagombane juu ya karatasi moja hadi saa sita. Siku ya pili tieni malakita nyingine katika asidi ya sulfuriki iliyopunguzwa (mwalimu mwenyewe ndiye anayeshika chupa, na asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi). Itatoa povu na kuacha maji ya buluu. Tumbukizeni msumari uliosuguliwa vizuri, nao utavaa shaba nyekundu mbele ya macho yao. Malori ya asidi wanayoyaona yakitoka mpakani Kasumbalesa yanapeleka asidi kwenye viwanda vinavyoanza kazi kwa namna hiyo hiyo. Na mafundi wa kale wa Katanga, waliotengeneza ile misalaba ya shaba, waliyeyusha jiwe hilo hilo kwa makaa.

Kisha hesabu: katika gramu 100 za malakita safi kabisa, shaba ni kama gramu 57. Binti ambaye ameipata namba hiyo kwa mkono wake anaweza kukaa karibu na baba yake siku ya kuuza magunia, akaelewa namba ya kiasi cha shaba anayosomewa na mnunuzi. Hapo baba mwenyewe ndiye atakayemwamsha mtoto aende vakansi ya sayansi.

Mahali pa kufanyia: andikeni barua kwa mkuu wa idara ya kemia ya ISP, chuo cha ualimu, au kitivo cha sayansi cha UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Msiombe pesa. Ombeni chumba kimoja cha maabara, asubuhi tu, wiki nne za mwezi wa saba, pamoja na wanafunzi wawili au watatu wa mwaka wa mwisho wanaojiandaa kuwa walimu. Prefe wako, mkuu wa shule, atie sahihi. Pelekeni barua mwezi wa nne, wala msingoje shule zifungwe. Watoto wasizidi kumi na wawili, nusu yao mabinti, na wachaguliwe kwa udadisi wao, alama zije baadaye. Pesa ndogo mtakayokusanya parokiani au kwa wazazi wenye uwezo iende kwanza kwenye nauli na bukari (ugali) ya saa sita, halafu kwa mama kama huyu wa unga. Vifaa vije mwisho. Mabinti wawe wamerudi nyumbani saa tisa. Wazazi wakiona hivyo wiki ya kwanza, ya pili hawatauliza. Kama ningekuwa Kalemie, kule Tanganyika, ningeanza na watoto wa Batwa, jamii ndogo ya asili, kwa sababu huko wao ndio wanaoachwa nyuma kabisa.

Baada ya mwezi wa saba, kundi hilo lisivunjike. Likutane kila Jumamosi, saa mbili tu, na maswali magumu, hadi mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Binti wako yuko mwaka wa tano, kwa hiyo amebakiwa na vakansi moja tu kabla ya Diploma. Barua ikichelewa chuoni, anzeni shuleni kwenu na mbabula na mizani ya kuazima sokoni, ile ya sonara. Dola ambazo mama ameshakusanya, mwambie azitunze kwa minervali (karo) ya mwaka wa sita.