Barua kwa mwanangu: mbona Raúl hakupewa Madrid

Mwanangu, umeniuliza eti mama, yule Raúl wako aliyefundisha Castilla miaka sita, mbona 2025 Real Madrid wamemruka, ukocha wa timu kubwa wakampa Xabi Alonso, ina maana hajui ukocha? Anajua, na maneno hayo usiyarudie mbele yangu hehe.

Kwanza ile Castilla yenyewe uielewe. Ni Madrid B, timu ya pili ya vijana wa Real Madrid, wanacheza ligi ya tatu, uwanja wao ule mdogo wa Alfredo Di Stéfano kule Valdebebas, na kanuni za Hispania timu B hairuhusiwi kuwa ligi moja na timu mama, kwahiyo hata uwafunge wote mwisho wako daraja la pili basi. Halafu kijana akiiva tu anaondoka, Arribas kauzwa Almería 2023, Nico Paz kaenda Como ya Italia 2024, Asencio kapandishwa juu katikati ya msimu sababu mabeki wa timu kubwa wameumia, na kocha wa Castilla ndo apange waliobaki. 2023 Raúl alifika fainali ya kupanda daraja, wapinzani wake Eldense wakapanda wao, hiyo bado inaniuma. Ila lile kombe la kwanza la Madrid kwenye ligi ya mabingwa ya vijana ni kazi yake, 2020 pale Nyon, Uswisi, Benfica alikufa 3-2. Na huyu enzi zake za kucheza ni mtu wa magoli 323 Madrid, angeweza kukaa zake kwenye tivii anachambua mpira analipwa vizuri tu.

Sasa utasema mbona Zidane alipewa. Zidane naye katoka Castilla hiyohiyo na hakuipandisha popote, ila Januari 2016 Benítez, kocha wa timu kubwa, kafukuzwa yeye yupo mlangoni. Xabi aliipandisha Real Sociedad B 2021, mwaka uliofuata ikashuka, lakini hakuganda pale, Oktoba 2022 kaichukua Leverkusen ya Ujerumani ikiwa ya pili kutoka mkiani na 2024 kabeba Bundesliga, ligi kuu ya huko, bila kufungwa hata mechi moja. Wakati huo Raúl wangu bado yupo Valdebebas anasubiri, na mi naona hapo ndo alipojikosesha, angeondoka palepale baada ya Eldense, maana ukikaa sana kwa wenyewe wanakuona mtoto wa nyumbani tu. Kaja kuondoka 2025, Castilla kapewa Arbeloa.

Baba yako anasema nampendelea. Ndiyo nampendelea, kwani yeye na Rivaldo wake wa Barcelona je?