Kusakinisha au kusanikisha?

SWALI: Nasomea kompyuta. Katika ripoti yangu niliandika: "Nimesanikisha mhariri wa nano katika Linux kutoka chanzo." Mwalimu aliipigia mstari sentensi nzima bila kueleza. Nimekosea wapi?

JIBU: Tuanze na kitenzi. Sakinisha limetokana na sakini, yaani kukaa au kuishi mahali, neno lenye asili ya Kiarabu na ndugu wa maskani; likiongezwa kiambishi cha kusababisha, linamaanisha kuifanya programu ikae mahali pake. Sanikisha, ingawa nalikuta mara nyingi, naliona kuwa ni neno hilohilo ambalo k na n zake zimebadilishana nafasi, na kwa hiyo limepoteza undugu wake na maskani.

Undugu huo una faida kwa anayejijengea programu mwenyewe. Ukishapakua na kufungua mafaili ya nano, programu ya kuandikia na kuhariri matini, amri ya kwanza, ./configure, hukagua iwapo kompyuta ina zana na maktaba (misimbo iliyo tayari ambayo programu huitegemea) zinazohitajika, kama vile ncurses, maktaba ya kuonyesha maandishi kwenye skrini, kisha huandaa ujenzi. Huko ni kusanidi. Ya pili, make, huugeuza msimbo chanzo, yaani maagizo kama yalivyoandikwa na waundaji, kuwa programu inayoweza kuendeshwa. Wapo wanaoiita hatua hii "kukusanya msimbo", nami siwaungi mkono, kwa kuwa kiini chake ni kugeuza, wala msimbo si kuni. Afadhali kukompaili, kutoka compile ya Kiingereza, ambalo mafundi wanalo tayari vinywani. Ni amri ya tatu, make install, inayonakili programu hadi chini ya folda ya /usr/local, isipokuwa kama umeelekeza kwingine, na hiyo peke yake ndiyo inayosakinisha. Anayesema amesakinisha baada ya amri ya pili amemwacha mgeni ukumbini, hajampa chumba.

Mhariri, nalo, ni mtu, kama yule wa gazetini. Kifaa huchukua ki-, kama kikokotoo kilivyotokana na kokotoa. Basi andika kihariri. Ama "kutoka chanzo", msomaji asiye fundi atauliza: chanzo cha nini, cha mto au cha ugomvi? Litaje neno msimbo, na badala ya kutoka, ambalo linaonyesha mahali, eleza njia uliyoitumia:

"Nimesakinisha kihariri cha nano katika Linux kwa kukompaili msimbo chanzo wake."