Kugeuza safu za [0] na [1] kuwa [] kwenye kerneli ya Linux

Ndugu muuliza swali anataka kujua iwapo kubadilisha safu (array) zilizo mwishoni mwa struct (kundi la data mbalimbali zilizowekwa pamoja katika lugha ya C), zile zilizotangazwa kwa [0] au [1], ziwe [] ni kupamba msimbo tu, na kama amri moja ya sed (programu ya kutafuta na kubadilisha maandishi) inaweza kuimaliza kazi katika draiva yake (programu inayoendesha kifaa). Nimeifanya kazi hiyo kwenye draiva kadhaa za zamani, na jibu langu ni kwamba kwa [0] sed inakaribia kutosha, lakini kwa [1] usithubutu.

Mabadiliko haya si mapambo. Alama ya [] imo katika kiwango cha C tangu 1999, ilhali [0] ni nyongeza ya GCC, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) inayotumika sana kujenga kerneli. Kwa miaka mingi kompaila ilichukulia kwamba safu yoyote iliyo mwishoni mwa struct, hata ya [4], huenda ikaendelea kupita urefu wake, kwa hiyo ukaguzi wa mipaka, unaonasa data inayopita mwisho wa safu, uliiruka. Tangu Linux 6.5 kerneli hujengwa kwa chaguo la kompaila -fstrict-flex-arrays=3 pale kompaila inapoifahamu, na hapo [] pekee ndiyo huhesabiwa kuwa haina urefu maalumu.

Kwa [0] ukubwa wa struct haubadiliki. Faida unaiona mtu anapoandika sizeof(p->data), yaani anapouliza ukubwa wa safu hiyo kwa baiti: zamani alipewa 0 kimyakimya, sasa kompaila inakataa.

Kwa [1], struct yenyewe hupungua. Chukua struct yenye u32 len (namba ya baiti 4) ikifuatiwa na u8 data[1] (baiti 1): ukubwa wake ni baiti 8, si 5, kwa sababu kompaila hujaza baiti 3 mwishoni ili kuweka mpangilio, ukiifanya data[] unabaki na 4. Kwa hiyo kila penye sizeof(*p) + n - 1 (ukubwa wa struct pamoja na vipengele n, ukiondoa kile kimoja kilichokwisha kuhesabiwa) pana hesabu mpya ya kufanya, na hiyo "- 1" huwa imejificha kwenye makro au faili nyingine kabisa. Mimi hutafuta kila sizeof ya struct hiyo kwa mkono, naweka struct_size(p, data, n), makro ya kerneli inayokokotoa ukubwa wote, ambayo hesabu ikifurika hurudisha SIZE_MAX (namba kubwa kuliko zote za ukubwa) ili kmalloc, inayoomba kumbukumbu, ishindwe, kisha nalinganisha umbo la struct kwa pahole (zana inayoonyesha mpangilio wa struct) kabla na baada.

Struct ikiwa inaonekana na programu za watumiaji, simama kwanza. Namba za ioctl (maombi ambayo programu hutuma kwa draiva) zinazotengenezwa kwa makro ya _IOW hubeba ukubwa wa struct ndani yake. Ukiipunguza, namba inabadilika na programu za zamani zinarudishiwa ENOTTY, kosa la kwamba ombi halitambuliki. Hapo mimi huacha [1] ilivyo ndani ya union (sehemu zinazotumia nafasi ileile ya kumbukumbu), na kando yake naweka __DECLARE_FLEX_ARRAY, makro inayotangaza safu ya [], hivyo ukubwa unabaki uleule.

Ukishamaliza, ongeza __counted_by(len), alama inayoiambia kompaila kwamba len ndiyo idadi ya vipengele vya safu, ambayo GCC inaifahamu kuanzia toleo la 15, ili ukaguzi ujue urefu halisi. Draiva nyingi za zamani hujaza len baada ya kunakili data. Upandishe mstari unaojaza len juu ya memcpy (amri ya kunakili data) kwanza, la sivyo ukaguzi utasoma len ikiwa bado 0 na kulalamikia msimbo usio na kosa.