Usishushe siling, usizibe hayo madirisha (jibu kwa wa kliniki ya Ngamiani)

Mkuu simamisha huyo fundi leo, kabla hajashusha hata bodi moja. Umesema mmepata nyumba ya zamani Ngamiani, Tanga, siling iko juu, madirisha makubwa ya luva za mbao, baraza mbele, mnataka iwe kliniki ya mama na mtoto pamoja na chumba cha ushauri nasaha, alafu fundi anakwambia mshushe siling ya jipsam yenye taa za urembo, mng'oe madirisha mweke aluminiamu ya kusukuma, mfunge AC na mapazia mazito ili "patulie". Hayo maneno nayajua yote manake ndo tuliyouziwa sisi kwenye kituo chetu cha afya Dar na yakamaliza hela karibu yote ya ukarabati.

Yule fundi wetu alikuja na picha kwenye simu, zote mapokezi ya hoteli. Hakuna hata moja yenye mgonjwa ndani. Akatushushia siling, akaziba matundu ya hewa ya juu akasema yanaingiza vumbi, akaweka vioo. Siku ya uzinduzi pakapendeza kweli, watu wakapiga picha. Kazi ilipoanza ndo tukaona. Dirisha la kusukuma linafunguka nusu tu, nusu nyingine kioo kimelalia kioo, wakati luva ukiifungua upepo unapita karibu dirisha zima. Na AC ya ukutani hata umeme ukiwepo haikuletei hewa ya nje, inazungusha ileile mliyokwisha kuipumua, na hilo alilijua, mtu anayefunga AC kila siku hawezi kuniambia halijui. Umeme ukikatika, basi, joto la watu waliojazana halina pa kupandia kwasababu siling iko pale juu ya vichwa. Akina mama wanapepea vichanga kwa kadi za kliniki, mmoja anainuka anatoka, mwingine anamfuata, mwisho wote wako chini ya mwembe nje na nesi amesimama mlangoni na mafaili anaita majina kwa kupiga kelele. Ndani masofa matupu, pembeni ya AC ukutani ukungu mweusi unapanda. Utulivu gani huo? Na hela ya umeme wa Luku ndo usiseme.

Lakini kinachoniuma zaidi sio hela wala joto. Kwenye chumba kile kilichofungwa "ubaridi usitoke" alikuwa anakaa mtu anakohoa, kushoto kwake mjamzito, kulia kwake mtoto mchanga. Vimelea vya TB vinaelea hewani masaa, havijali rangi ya ukuta. WHO walitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu hewa ya asili, yaani ya madirishani bila mashine, kwenye vituo vya afya, wodi ya kawaida wanataka wastani wa lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa, AC ya ukutani haikupi hata moja. Kuna utafiti ulifanyika Lima, Peru, ukatoka 2007, walipima wodi na vyumba vya hospitali, majengo ya zamani yenye siling ndefu na madirisha makubwa yakapitisha hewa vizuri kuliko yale ya kisasa. Yaani nyumba kama hiyo yenu! Na Butaro pale Rwanda, hospitali imefunguliwa 2011, wagonjwa wanasubiri kwenye baraza za nje badala ya kubanana kwenye korido, na vitanda vya wodini vinatazama dirishani. Ni hospitali ya wilaya, mlimani huko, na watu wanatoka mbali kwenda kujifunza.

Sasa fundi wako anataka akutoze hela akuondolee vitu ambavyo wenzetu wamevijenga kwa makusudi. Na asije mtu hapa kuniambia wateja wanapenda kisasa, watu hawaji kliniki honimuni.

Hewa kwanza, vingine vyote baadae. Luva zifanyiwe ukarabati, muweke wavu wa mbu na muufue mara kwa mara manake vumbi likijaa haupitishi kitu. Hakikisha upepo ukiingia upande huu una pa kutokea upande wa pili, hapo Tanga mna kusi na kaskazi bure kabisa. Mabenchi yenye mgongo barazani, mama akae kivulini aone barabara, mtoto aone kuku wanapita, hapo ndo moyo unatulia. Chumba cha ushauri nasaha kipeni cha nyuma, dirisha litazame uani, mlango wa mbao mzito, na ukuta upandishwe mpaka juu, msigawe kwa jipsam, sauti inapita na siri ya mtu itasikika mapokezi.

Rangi uliyoulizia, krimu au kijani cha maji, yoyote, mradi iwe ya kufutika. Hela ya AC nunueni feni kubwa za dari. Alafu tuwekee hapa picha ya ukuta wa nyuma tuone kama una dirisha, na advansi usimpe kwanza.